Kisu cha Kwenda Nacho Porini

Watu waliokimbia vita upande wa kaskazini walipoanza kuingia Kamina kwa miguu, mama mkwe wangu hakuwauliza habari. Aliitazama miguu yao iliyovimba, akaniambia, "Twende ku soko. Tutafute kisu."

Mume wangu, karani wa reli, alikuwa amepanda treni kwenda Lubumbashi, na treni haikurudi. Nyumbani tulibaki sisi wawili. Mimi nilizaliwa mjini, nikasoma shule ya misheni. Pori nililijua kwa kulitazama dirishani mwa behewa. Yeye alikulia kijijini, upande wa Kaniama.

Siku hiyo muuza visu alikuwa na wateja wengi kuliko wauza unga. Kwanza alitupatia kisu cha kukunja. Mama akakifungua, akakitikisa karibu na sikio.

"Hii inacheza. Tukipasua nayo kuni, itatukunjikia mu vidole."

"Basi kamata hii." Muuzaji akainua kisu kirefu cha kijeshi, chenye meno mgongoni.

"Hapana. Ile njo ya kuua bantu. Minyi nataka ya kukata manyasi na mihogo."

Akachagua kifupi, kinene mgongoni, ambacho chuma chake kilipita ndani ya mpini hadi mwisho. Alikuwa bado anakipima mkononi pale askari mmoja aliposimama nyuma yetu. Alichukua kile kirefu, akajaribu makali kwa ukucha.

"Mama, weye unataka kisu ya nini?"

"Ya shamba, mutoto wangu."

"Leo bantu bote beko banaenda shamba," akasema, akacheka peke yake. Akaondoka nacho bila kulipa. Muuzaji akaanza kukunja turubai lake, ingawa jua lilikuwa bado juu.

Kesho yake asubuhi, tukielekea porini, tulimkuta askari yule kwenye kizuizi cha barabara ya kutoka mjini. Wanaume walikuwa wamepigishwa magoti kando ya barabara, mizigo yao imemwagwa, mapanga na visu vyao vimerundikwa. Alipekua kikapu chetu, akakitoa kisu chini ya sombe, majani ya mihogo. Akakigeuza, akakigeuza tena.

"Iko ya jikoni," mama akasema kwa upole.

Akakirudisha kikapuni. "Pita. Musiangalie nyuma."

Tulitembea. Nyuma yetu mwanamume mmoja alipaza sauti akimwita mama yake, kisha kukawa kimya. Mama mkwe alinibana mkono nisije nikakimbia.

Porini alikata nyasi za kuezekea kibanda, akanifundisha kupasua kuni kwa kuugonga mgongo wa kisu kwa kipande cha mti. Kila mgongo huo ulipolia, niliogopa kwamba tumesikika. Mume wangu alitupata huko mvua zilipokwisha, amekonda, lakini mzima.

Tuliporudi mjini nilimuuliza mama mmoja aliyeishi karibu na kile kizuizi wale wanaume walipelekwa wapi. Alisema ana chungu motoni. Akaingia ndani, akafunga mlango.