Maji ya Bati la Jirani wa Juu

Kwenye kilima chetu, juu ya Bagira, mji unapoishia na mashamba ya mihogo yanapoanza, hatukuwahi kuchimbiwa mfereji. Sisi wenye parseli, yaani viwanja, tukaunda shirika letu, na wakaniweka mimi prezidante kwa sababu, walisema, sichoki kueleza jambo lile lile.

Jambo lenyewe ni rahisi. Mvua ikinyesha, kila bati hukusanya maji. Yakiachwa njiani, huchimba udongo yakishuka, na ufa mdogo hugeuka korongo linalomeza jiko la mtu. Kwa hiyo kila mwenye nyumba huchimba shimo chini ya paa lake na kulijaza mawe, maji yazame polepole. Nami nilichimba langu, nikipumzika kila baada ya mapigo machache ya jembe. Hata wewe unaweza.

Kisha akahamia papa mmoja, bwana mwenye nyumba ya etaje, yaani ghorofa. Hakuchimba. Alitoboa ukuta wake, akapitisha tiyo, bomba pana la plastiki, likamwaga maji ya bati lake lote kwenye njia yetu ya pamoja. Chini ya njia hiyo, mteremkoni, anakaa maman mjane anayeuza ndizi sokoni. Mvua za kwanza zilichukua choo chake. Zilizofuata zikala udongo hadi msingi wa chumba wanacholala wajukuu wake ukaonekana kama meno. Mvua moja kubwa zaidi, na chumba kingeshuka.

Nilikwenda kwa yule papa nikamweleza yote taratibu.

"Maman prezidante," akasema, "mvula si yangu. Inatoka kwa Mungu."

"Inatoka kwa Mungu, papa, lakini tiyo ni yako."

Akacheka. "Muende mushitaki. Niko najua batu kwa ofisi ya komini."

Niliwaambia wenzangu hatutaingia kwake wala kugusa ukuta wake. Ukuta ni wake. Njia ni yetu. Tutaziba tiyo upande wetu.

"Tunamurudishia tu maji yake," jirani mmoja akasema. "Sisi si bezi."

Jumamosi tukaenda salongo, kazi yetu ya pamoja. Hapa salongo ina sheria ambayo haijaandikwa popote: anayesaidiwa hupika, na hakuna anayekula kabla ya kugusa udongo. Padri akipita na kutamani sahani, huweka koti chini akachukua koleo kwanza. Na aliyekula ameingia kazini, yeye na watu wote wa nyumba yake. Hawezi kuikataa tena.

Tulipanga mifuko ya udongo mbele ya tiyo hadi ikafunikwa. Yule papa akatoka, simu sikioni.

"Mutoe ile mifuko. Polisi inakuya."

"Ikuye," nikasema. "Nitaielezea na yenyewe." Nikakaa juu ya mifuko. Wenzangu wakakaa pia, mmoja mmoja, bila kuambiwa. Upande wa ziwa mawingu yalikuwa yameshakuwa meusi.

Mjane akaleta sufuria ya maharagi na bugali, akaitua mbele ya geti la yule papa. "Karibu, papa. Ukule."

Akarudi nyuma. Amekulia mtaa wa Cimpunda, na sheria ya salongo anaijua. "Sina njaa."

"Mwenye etaje anaogopa maharagi," mtu akasema, na tukacheka hadi mifuko ikatikisika.

Hapo geti likafunguka zaidi. Mama yake, mzee aliyeletwa kutoka kijijini kuja kutibiwa, alitoka akijishika ukutani. Akatazama tiyo, kisha akainama kidogo kuutazama ule msingi chini ya njia. Akachota udongo kwa kiganja, akauangusha ndani ya mfuko uliokuwa wazi, akanawa, akanyoosha mkono apewe sahani.

"Mama, hapana," mwanawe akasema. "Tafazali."

Alikula taratibu, akamaliza. "Maharagi iko na chumvi muzuri," akamwambia mjane. Kisha kwa mwanawe: "Nimekula, papa. Sasa utachimba."

Mvua ilitukuta hapo hapo, polisi hawajafika. Tiyo ilijaa, maji yakarudi ndani ya ua wake na kuzunguka magurudumu ya gari lake. Njia ilibaki na matope ya kawaida tu. Mjane alisimama mlangoni pa chumba cha wajukuu, viganja vyote viwili juu ya ukuta, hadi mvua ikakatika. Ukuta haukusogea.

Yule papa alianza kuchimba Jumatatu, akiwa amevaa viatu vya ofisi, na nikaenda kumwonyesha jinsi ya kupanga mawe: makubwa chini, madogo juu. Anaendelea vizuri, nami nimemwambia hivyo. Akaniuliza kama sasa tunaweza kuondoa mifuko.

"Shimo likiisha, papa," nikamjibu, nikakaa juu ya mifuko.