Mnyororo wa Polepole

Nimeuza minyororo ya chenso, ile misumeno ya injini, hapa kwenye misitu ya Kainuu miaka thelathini, na ni nyumba moja tu iliyowahi kuniomba ule unaokata polepole. Aliyeanza ni Taimi, mke wa Oiva.

Oiva alikata misonobari maisha yake yote, na hakutaka mnyororo mwingine ila ule wa kasi, wenye meno ya kona kali. "Ukitaka polepole, tafuna gogo," alikuwa akiwatania wenzake. Lakini tangu apate kiharusi mkono wake wa kushoto umelegea, na meno yale hayana huruma: ncha ya msumeno ikigusa vibaya, unaruka kumrudia aliyeushika. Mwezi wa tano uliruka, ukamchana ukingo wa kofia.

"Raili, nipe ule wa meno ya mviringo, wenye kinga," Taimi aliniambia, machozi yakimlengalenga. "Nikimkataza kukata kuni za sauna, huzuni itamuua. Nikimwacha, chenso itamuua."

"Ataujua akifungua tu boksi."

"Macho yenyewe siku hizi hayaoni vizuri. We utie kwenye boksi la ule wa kasi."

Nikautia. Ulikuwa udanganyifu, na wala sikujuta.

Wiki ya pili Oiva akaingia dukani, akalibwaga boksi lile kwenye kaunta. Nikajifanya napanga makopo ya oili.

"Raili, we mwanamke mwongo sana."

"Mimi tena?"

"Nani mwingine? Nilijua nilipofungua tu. Nikaufunga kwenye chenso hivyo hivyo, nikasema nikate kidogo halafu nije nikutukane vizuri. Gogo nililokuwa nalimaliza kwa pumzi moja limenichukua tatu! Na vumbi lenyewe laini kama unga wa mkate."

Nikaanza kuomba radhi. Akaninyamazisha kwa ule mkono mzima.

"Kila nikikata, Taimi husimama dirishani, ameshika kifua," akasema, sauti imeshuka. "Siku ile ya mnyororo huu nikainua macho, simwoni. Nikaingia ndani. Nikamkuta ameketi, anakunywa kahawa yake taratibu. Mara ya kwanza tangu niugue."

Nampenda mzee huyu, ingawa sijawahi kumwambia.

"Huu nao utaisha meno," akaendelea. "Nipe mwingine kama huu. Utie kwenye boksi la ule wa kasi, nami nitazidi kujitapa kwa kasi yake. Akijua najua, ataogopa nimerudisha ule wa kasi, naye atarudi dirishani."