Kadi ya Porti na Mizani ya Segese

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyotoka Kalangalala, Geita mjini, kwenda machimbo ya Segese na kadi moja ya kompyuta mkobani. Nilikuwa binti, fundi, na nilijiamini. Siombi radhi kwa hilo, kazi nilikuwa naijua.

Mzee Shija, mnunuzi wa dhahabu, alikuwa na kompyuta mpya, lakini mizani yake ilitaka porti ya siriali, lile tundu la zamani la kuchomekea waya lenye pini tisa, na kompyuta haikuwa nayo. Nikaizima, nikachomoa waya wa umeme, nikagusa chuma cha boksi la kompyuta ili nisiiunguze kadi kwa umeme wa mwilini, nikaipachika kadi hiyo yenye porti, nikakaza skrubu na kuchomeka waya wa mizani. Kompyuta ikaitambua kama porti ya tatu. Nikaielekeza programu isome hapo, kwa kasi ileile ambayo mizani hutumia kutuma namba. Namba zikatokea, Mzee akapiga makofi.

Sasa sikiliza. Katika duka lile mizani ilimwelekea mteja, kioo cha kompyuta kilimwelekea mnunuzi, na risiti ya malipo ilitoka kwenye kompyuta. Mama Masanja, mjane aliyekuwa ameponda mawe wiki nzima, akaweka dhahabu yake. Nikachungulia pande zote mbili. Mizani ilisema gramu saba nukta nne sita. Kioo kilisema saba nukta nne. Programu ilikuwa inakata tarakimu ya mwisho.

"Hiyo punje tu, binti," Mzee akaninong'oneza. "Funga boksi, watu wanasubiri."

"Nakuheshimu, baba, lakini sifungi. Punje hiyo ina mwenyewe."

Alikasirika kweli, na niliogopa, maana angenichafulia jina mpaka Geita mjini. Nikairekebisha programu, kisha nikakigeuza kioo kiwaelekee wateja.

"Mama Masanja, soma mwenyewe."

Akasoma kwa sauti, mizani kwanza, kioo baadaye. Zikalingana. "Wabeja sana, mwanangu," akanishukuru, na waliokuwa nyuma yake wakasogea nao wasome. Mzee akanyoosha mkono akigeuze tena kioo, akawatazama watu wale, akaurudisha mkono mfukoni.

Basi, mwanangu, chombo kikiwaka, kazi yako bado. Linganisha namba mbele ya mwenye mali yake, ndipo ufunge boksi. Na ukiambiwa tofauti ni ndogo, uliza ni ndogo kwa nani. Mungu aibariki mikono yako, akupe wateja watakaokuita tena.