Boriti Zinazovuka Ukuta

Shangazi yangu alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni mpaka alipostaafu, na kwa kweli hakuwahi kuiacha kazi hiyo. Aliihamishia nyumbani kwake tu. Unga wake ulikaa kwenye debe lenye kifuniko cha kubana. Miguu ya kabati la vyombo ilisimama ndani ya makopo ya mafuta ya taa, ili sisimizi watafute kwingine pa kupita. Kuni hakuziegemeza ukutani hata siku ya mvua. Kuzunguka msingi aliacha ukanda wa udongo mtupu, bila ua wala jani, na kila asubuhi aliukagua kwa macho ya mtu anayemvizia mwizi: je, kuna mstari mwembamba wa udongo unaopanda ukutani? Ukionekana, aliukwangua, akafuata ulikotoka, akamimina dawa. Majirani walimwita Bibi Kagua. "Mende akitaka kuingia kwa Bibi Kagua," walisema, "huvua viatu kwanza."

Alicheka nao. Lakini kulikuwa na nusu ya nyumba ambayo hakuweza kuikagua.

Babu aliijenga nyumba ile kwa boriti ndefu, kila moja ikitoka ukuta wa mwisho upande huu hadi ukuta wa mwisho upande ule. Bibi, mama yao, alipofariki, Shangazi na mdogo wake, ambaye mimi namwita Baba Mdogo, waligawana. Walijenga ukuta wa matofali katikati ya sebule, ukapanda ukafika kwenye boriti, ukakoma hapo. Tayari walikuwa hawasemezani. Siku ya msiba Shangazi, aliyemuuguza mama yao peke yake, alimwambia mbele ya watu: "Wewe huwa unakuja chakula kikishaiva." Ilikuwa kweli, na labda ndiyo maana haikusameheka.

Kwa Baba Mdogo kuni zililala ukutani, bomba lilivuja mchana na usiku, na maboksi ya zamani yalirundikwa hadi karibu na dari. Siku moja Shangazi alipanda ngazi, akagonga boriti kwa mpini wa kisu kama kawaida yake. Upande wa dirisha zililia kama mti mzima. Karibu na ukuta wa katikati zililia kama debe tupu.

Fundi wa dawa ya wadudu alikuja, akatazama, akatikisa kichwa. "Mama, mchwa hawa wanatokea ng'ambo. Nikipuliza huku tu, nitakuwa nimefunga mlango nikaacha dirisha wazi. Zungumza na jirani, tupulize kote."

"Si jirani. Ni ndugu yangu."

"Basi ni rahisi zaidi."

Shangazi alimlipa nauli, akamfungulia mlango.

Nilitumwa mimi. Baba Mdogo alinipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho. "Mwambie shangazi yako mchwa wangu hawana neno nami. Wakivuka kwenda kwake, awadai kitambulisho."

"Lakini Baba Mdogo, paa litawaangukia nyote."

"Litaanza kwa mkubwa. Heshima ni heshima."

Nilipoyafikisha hayo, Shangazi hakukasirika. Alijifunga kitambaa safi kichwani, akaenda mwenyewe, akabisha hodi. Mlango ulikuwa wazi. Baba Mdogo alikuwa ameketi pale pale, akimwona. Alinyoosha mkono akaongeza sauti ya redio. Shangazi alisimama kizingitini mpaka taarifa ya habari ikaisha, na matangazo ya vifo yakaisha, kisha akarudi.

"Kaniitie seremala," aliniambia.

Seremala aliposikia kazi yenyewe, aliweka msumeno chini. "Nizikate boriti hapo juu ya ukuta? Mama, ndugu wakigombana, sisi wengine hushika jembe tukalime."

"Leo shika msumeno. Toa kilicholiwa, niwekee mbao mpya zilizolowekwa dawa, na bati katikati, mchwa wasipate njia. Ila kata polepole."

Mwanzoni nilidhani anahofia paa. Kisha nikaona kwamba kila boriti ilipokatika, alimwambia seremala apumzike, anywe maji hata kama hana kiu, naye akatega sikio upande wa pili. Zile boriti zilikuwa kitu pekee kilichobaki kikitoka kwake na kufika kwa mdogo wake. Alikuwa anampa nafasi ya kusema acheni.

Ilipobaki ya mwisho, tukasikia ndara zikiburuzwa uani. Msumeno ukanyamaza. Baba Mdogo alisimama mlangoni kwa dada yake, kwa mara ya kwanza tangu msiba, kikombe mkononi. Alitazama juu, pale miti ilipoachana, akaendelea kutazama. Shangazi alishika ukingo wa meza.

"Vumbi lenu," alisema Baba Mdogo, "linaangukia kwenye chai yangu."

Shangazi akaiachia meza.

"Funika kikombe," alimwambia. Kisha akamwinulia seremala uso: "Malizia."