Sekunde Kumi na Tisa za Bi Mwanamisi

Kuna mikasa ambayo mtu huisimulia akicheka, na huu nimejaribu mara nyingi kuusimulia nikicheka, nikashindwa, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiusema hivi hivi tu. Niliaibika mbele ya watu waliokuja kumwombea marehemu, tena nimevaa tai, na kosa lilikuwa langu, si la mashine, ingawa kwa miaka mingi nilikuwa nikiulizwa nasema ni mashine.

Miaka ile ya mwisho ya tisini nilikuwa karani katika chumba cha video cha hoteli moja kule Diani (hoteli yenyewe sitaitaja, na siku hizi ina jina jingine). Kazi yetu ilikuwa kuwapiga wageni video wakipanda ngamia ufukweni au wakilisha tumbili, kisha tunawauzia kanda. Baadaye hoteli ikanunua kompyuta ya kuingizia video, ikafungua na ukurasa kwenye intaneti, nami nikapelekwa Mombasa wiki mbili kujifunza kuzibana video ziwe ndogo za kuweza kupita kwenye waya wa simu. Kubana video wakati ule kulikuwa kama kulilazimisha gunia la nazi liingie kwenye mkoba wa shule: unapunguza ukubwa wa picha, unapunguza rangi, unapunguza sauti, na mwisho wake unapata mtu mdogo kama kiberiti anayetembea kwa kurukaruka. Lakini niliiweza kazi ile, na niliiweza kiasi cha kuanza kujiona, mimi Kyalo, mtoto wa Machakos niliyeletwa na baba kwenye shamba la kugawiwa la skimu huku Kwale nikiwa na cheti cha kidato cha nne na viatu jozi moja.

Hotelini alikuwako dada mmoja wa Msambweni, Mwanaisha, aliyekuwa akisafisha vyumba. Kaka yake, Omari, alikuwa Ujerumani mwaka wa sita. Aliondoka bila kumuaga mama yao, na baba alipokufa hakuja kuzika, na tangu siku ile mama, Bi Mwanamisi, hakukubali kushika simu akiambiwa ni Omari. Sasa mama alikuwa mgonjwa wa moyo na moyo huohuo ulikuwa umelainika. Alitaka kumpa mwanawe radhi kabla hajafa, ila si kwa simu, alisema radhi si kitu cha sikio peke yake, mtoto sharti amwone mama yake. Naye Omari hakuweza kuja, makaratasi yake yalikuwa hayajakamilika, akitoka asingeruhusiwa kurudi kwa mkewe na watoto. Mwanaisha akaniuliza kama ile video inayosafiri ndani ya kompyuta inaweza kumchukua na mama yake. Nikamwambia hilo ni jambo dogo. (Hilo neno, jambo dogo, ningelifuta kinywani mwangu kama ningeweza.)

Nikaenda Msambweni Jumamosi alasiri na kamera ya hoteli na kanda moja. Bi Mwanamisi alikuwa ameketi kitandani, amejifunga leso mpya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe unayetia watu kwenye mashine?"

"Ndimi."

"Nami nitatoka mzima?"

Mwanaisha akacheka. Nikamjibu mama kwamba atatoka mdogo kidogo, lakini mzima.

Akamwambia Mwanaisha alete kikombe cha maji, kikaletwa, kisha akamtoa nje na kufunga mlango, maana maneno ya mama na mtoto mmoja si ya kusikiwa na mtoto mwingine. Tukabaki wawili. Nikasogea karibu kabisa, kwa kuwa chumba kilikuwa na kiza, nikamwashia kamera.

Alisema na Omari kana kwamba Omari ndiye aliyekaa pale nilipokaa. Alimwita kwa jina la utotoni. Kisha akaanza kumtolea yote, pole pole, bila kupandisha sauti, kwamba alimlea kwa kusuka makuti, kwamba aliamka asubuhi akakuta kitanda kitupu, kwamba majirani walimwambia kabla yeye mwenyewe hajajua. Akamalizia, "Na baba yako hukumtilia hata gao moja la mchanga, Omari. Kaburi lilifukiwa na watoto wa watu." Halafu akanyamaza. Nikamwona akiinua kikombe, nikadhani koo limemkauka, na mimi wakati huo nilikuwa nimeshughulishwa na taa nyekundu ya betri iliyoanza kuwaka, nikawa naitazama ile taa na kuomba kamera isizime. Baadaye nikasikia, "Haya, zima." Nilipozima akaniambia, "Ameshapata." Nikafurahi, nikajua kazi imekwisha salama. Kioo cha kamera kilikuwa kimeingiwa na vitone vya maji, nikalaani hewa ya chumvi ya pwani inavyoharibu vyombo, nikakifuta kwa kitambaa cha mkono nikaenda zangu.

Jumatatu nikaanza kubana. Sanduku la barua pepe la Omari halikupokea mzigo uliozidi megabaiti moja, na video yangu hata baada ya kuipunguza ilikuwa imezidi. Nikaituma, ikarudishwa. Nikapunguza tena, ikarudishwa. Mara ya tatu ilibaki kidogo tu, kidogo cha kumtia mtu wazimu, na nikiendelea kuipunguza uso wa mama ulikuwa unageuka mabaka mabaka, huwezi kujua kama ni Bi Mwanamisi au ni ukuta. Sasa katika programu ile sauti huonekana kama mstari, mtu akisema mstari unapanda na kushuka kama mawimbi, akinyamaza unalala. Nikaona mahali karibu na mwisho mstari umelala kwa sekunde kumi na tisa. Nikajisemea, hapa mama anakunywa maji, nani atajua? Sikuicheza sehemu ile hata mara moja. Niliukata ule mstari uliolala, nikaunganisha kabla na baada, nikaituma, ikapita. Nilifurahi hadi nikajinunulia soda.

Siku ileile mkuu wa chumba akataka nafasi kwenye kompyuta, maana ilikuwa imejaa, nami nikaifuta video nzima nikabakisha ile ndogo kwenye disketi. Nikaiandika jina kwa hati nzuri, nikaiweka kwenye kopo la biskuti nililoliita maktaba yangu. Kanda yenyewe ikarudi ufukweni, wakapigwa video Wazungu juu yake wakipanda ngamia. Ndivyo tulivyofanya na kanda zote, sikufikiri mara mbili.

Omari akajibu kesho yake. "Asante Mzee Kyalo. Nimeona. Nimeelewa." Nikayachapa maneno yale kwenye karatasi, nikampelekea mama yake, akaniuliza amesema nini, nikamsomea. Akasema alhamdulillahi, akaikunja ile karatasi na kuifunga kwenye pindo la leso. Haukupita mwezi akafariki.

Omari alikuja siku ya arobaini, makaratasi yalikuwa yamepatikana yakiwa hayana faida tena. Nami nikaletewa ujumbe na Mzee Suleimani, ndugu wa tumbo moja wa marehemu, mjomba wa wale watoto, ambaye katika nyumba ile neno lake lilikuwa juu ya maneno yote. Alisema niende na picha ya Bi Mwanamisi, watu wanataka kuiona. Mimi nikadhani nimeitwa kwa heshima. Nikaihamisha video kutoka kwenye disketi hadi kwenye kanda, nikavaa shati jeupe na ile tai ya hoteli, nikabeba deki kwapani hadi Msambweni. Jirani mwenye duka alikuwa ametoa televisheni yake, ikawekwa juu ya meza barazani, wanaume mkekani, wanawake upande wa pili wa ua. Hitima ilikuwa imekwisha kusomwa.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba Omari alipofika alimwambia mjomba wake kuwa mama hakumsamehe, ameona kwa macho yake. Na kaka yao mkubwa, Bakari, alikuwa akisema hivyohivyo tangu siku ya mazishi, kwamba mama amekwenda na kinyongo na kwamba Omari hana la kusimamia kwenye dua ya nyumba ile. Mwanaisha peke yake ndiye aliyekataa. Ndipo mjomba akasema tutatazama sote, mbele ya watu, yaishe.

Basi mimi nikasimama mbele yao na tai yangu na nikatoa hotuba. Nikaeleza jinsi kazi ilivyokuwa ngumu. Nikasema, "Lakini sikupoteza hata neno moja la mama." Nikawasha.

Akatokea Bi Mwanamisi, mdogo, anarukaruka, sauti kama ya mtu aliye ndani ya mtungi, lakini ni yeye, na wanawake wakaanza kulia. Akamwita mwanawe. Akasema ya makuti, ya kitanda kitupu, ya majirani. "Kaburi lilifukiwa na watoto wa watu. Haya, zima." Televisheni ikawa nyeusi.

Mzee Suleimani alingoja. Kisha akasema, "Endelea."

"Imekwisha, mzee."

"Maji yako wapi?"

"Maji gani?"

Kutoka upande wa wanawake Mwanaisha akasema, "Mimi mwenyewe nilimpelekea kikombe, Mzee Kyalo. Ulikuwapo."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokikata. Kwa watu wa pale mzazi anayetoa radhi hutoa kwanza uchungu wote ulio moyoni, auseme usibaki, kisha hutia maji kinywani akayapuliza kifuani mwa mtoto, na hapo ndipo radhi ilipo. Yale maneno ni taka tu zinazotolewa kabla ya kuosha. Mimi nilizihifadhi taka zote kwa uangalifu mkubwa na kuyamwaga maji. Wala siwezi kusema nilikuwa mgeni sikujua, kwani kwetu Ukambani pia wazee hubariki kwa kutema mate, na babu yangu alinitemea kifuani asubuhi tulipohama.

Nikawaambia ukweli, kwamba kulikuwa na mahali pa kimya nami nikapaondoa ili video ipite. Bakari akaniambia niilete ile nzima. Nikasema nilifuta. Akaniuliza kanda iko wapi, nikasema ina ngamia. Kuna mtu nyuma alicheka, akanyamazishwa.

"Sasa wewe ndiwe shahidi," akasema Mzee Suleimani. "Hakukuwa na mwingine chumbani. Aliyapuliza, au aliyameza?"

Ningeweza kusema aliyapuliza. Hadi leo najiuliza kwa nini sikusema. Lakini watu wote walikuwa wakinitazama na nilikuwa nimekwisha kudanganya mara moja siku ile kwa ile hotuba, nikaogopa. Nikasema, "Nilikuwa natazama taa ya betri." Nikaongeza kwamba alisema ameshapata, na Bakari akasema ndiyo, amepata, sote tumesikia alichopata.

Ndipo Omari akainuka mkekani. Akaja hadi mezani, akauliza kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia, "Hapo kimya, mzee, palikuwa parefu?"

"Sekunde kumi na tisa," nikamwambia. Ndicho kitu pekee nilichokijua.

Akatikisa kichwa, akarudi mkekani kukaa. Hakuna aliyenitukana. Nilipewa sahani ya wali kama wengine wote, na nilipoondoka kijana wa Mzee Suleimani alinibebea deki hadi barabarani, na upole ule uliniuma kuliko matusi.

Siku ya nne yake nilikuwa hotelini nasafisha kamera. Nilikipulizia kioo pumzi, nikachukua kitambaa, na mkono ukasimama hewani. Vile vitone. Siku ile mlango ulikuwa umefungwa na dirisha halikuwa wazi, hewa ya chumvi ingeingilia wapi? Nilikuwa nimekaa mbele yake pale ambapo angekaa Omari, kamera ikiwa mbele ya kifua changu. Nikaomba ruhusa, nikaenda Msambweni mbio. Omari alikuwa ameondoka jana yake. Mzee Suleimani alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Neno hili lilikuwa na mahali pake, Kyalo, na siku yake. Sasa mtafute mwenyewe umwambie."

Nikamwandikia Omari barua pepe, ikarudi na maelezo kwamba sanduku lake limejaa, halipokei tena hata herufi moja. Nikaandika ya posta kwa anwani aliyonipa Mwanaisha, nikaandika tena mwaka uliofuata. Sijapata jibu, na Mwanaisha naye aliacha kazi akaolewa Samburu.

Siku hizi wajukuu wangu wananipiga video kwa simu, na mmoja ana tabia ya kukata pale ninapositasita kutafuta neno, anasema babu, hapo husemi kitu. Ninamkataza. Nimeapa kwamba hakuna kimya cha mtu kitakachokatwa tena kwa mkono wangu wala mbele ya macho yangu, hata kiwe kirefu namna gani, hata mashine ikijaa. Maji ya Bi Mwanamisi yalifika hadi kwenye kioo, yakakaa pale yakimngoja mwanawe, na aliyeyafuta ni mimi, kwa kitambaa changu mwenyewe, nikilaani bahari.