Viti Viwili vya Bwana Barabara

Ofisini walimwita Bwana Barabara, maana hakuna njia wala daraja lililopata fedha bila kupita mezani kwake. Aliyemjua hasa ni mama wa chai, kwa kuwa kila alipoingia na birika alimkuta akibishana peke yake. Katika kiti kimoja alikaa kama mlipa kodi, uso kaukunja: "Gharama kubwa, wavukaji wachache." Kisha alihamia cha pili, kama mwanakijiji, sauti ikalainika: "Na mvua ikinyesha, wagonjwa wapite wapi?" Vidole vyake virefu vilizungusha kikombe mpaka chai ikapoa. Hakuwa na mwingine wa kubishana naye, si pale wala nyumbani.

Siku moja alikaa kiti cha pili na hakuinuka. Fedha zilitosha kitu kimoja tu: barabara ya hospitali, au daraja la mto wa kwao.

"Mama, hebu kaa kiti kile cha kwanza. Unikatalie."

"Mimi tena, baba? Nikukatalie nini, chai?" Alicheka peke yake. Basi akakaa, akasema aliyoyasikia miaka yote: "Gharama kubwa, wavukaji wachache. Barabara ya hospitali itafaa wengi."

"Mama yangu mzazi yuko ng'ambo ya mto. Masika hatuonani."

Mama wa chai alimsogezea karatasi ya barabara.

"Haya, umenishinda," Bwana Barabara akasema taratibu, akaitia saini. Mama wa chai akammiminia chai ya moto, akajimiminia na yeye, akabaki palepale kitini.