Sanda ya Mama Imebaki Kabatini Kwangu

Admin, naomba unifiche jina, maana huku kwetu tunajuana hadi sauti za kukohoa. Nina miaka sitini na minne, mjane, mwalimu mstaafu, naishi Magomeni hapa Kilosa mjini. Tena ni mzee wa kanisa. Wasomaji mnivumilie kwa maelezo marefu. Nilifundisha darasa la tatu miaka mingi, nikisema jambo lazima nianzie mwanzo.

Mama yetu alizaliwa Kisanga, kwa Waislamu, akaitwa Mwajuma. Baba yetu alikuwa Mkristo, mtoto wa mkata mkonge aliyekuja na kazi za mashamba. Walipooana mama akabatizwa, akawa Maria. Kwa Kilosa hilo si ajabu. Nyumba nyingi zinakula Idi na Krismasi zote mbili. Sisi tulizaliwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume mwenye duka Mikumi, na mama tuliyemjua ni Maria mwanakwaya. Huyo Mwajuma hatukuwahi kumsikia akitajwa nyumbani.

Miaka miwili iliyopita alipata kiharusi, upande wa kulia ukafa. Nikamchukua kwangu. Baadaye na kumbukumbu zikaanza kuondoka. Siku moja kliniki muuguzi aliita "Maria" mara tatu. Mama akanigeukia kwa hasira: "Huyo Maria mbona haitiki? Ana dharau!"

Kuanzia hapo kila alfajiri akawa anadai maji. Nilimpelekea kwenye kikombe, akakisukuma. "Nimekuambia nina kiu?" Mama mdogo wangu, yaani mdogo wake mama, alipokuja kutoka Kisanga kumjulia hali alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwalimu mzima wewe! Dada anataka kutawadha, unampa kikombe?"

Akanifundisha. Kwa wasiojua, kutawadha ni kujiosha kabla ya swala: viganja, mdomo, pua, uso, mikono hadi kwenye viwiko, kichwa, masikio, miguu. Unaanza na upande wa kulia. Ule mkono uliokufa ndio unaotangulia, basi nikawa naunyanyua mimi, namimina maji kwa birika, yanashukia kwenye beseni. Kisha mama anaanza Alhamdu, ile sura ya kwanza ya Kurani, anafika katikati, anakwama, anarudi mwanzo, anakwama palepale, analia kama mtoto. Sikuweza kuvumilia. Nikamwomba mama mdogo anitajie maneno, nikayaandika kwenye daftari, nikayakariri kama mwanafunzi. Asubuhi mama alipokwama nikamsaidia, akamaliza. Akanitazama akasema, "Vizuri, mwalimu."

Niseme ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu. Tangu mama aanguke nilikuwa siwezi kuomba. Nilikuwa nikisimama mbele ya washarika na kutamka sala, lakini ndani ni pakavu. Yale maji ndiyo yaliyonirudishia Mungu. Nikimshika mama mguu na kuusugua taratibu, nilikuwa najua kabisa kwamba tupo watatu chumbani. Sikuwa nimeacha kanisa, wala sijaacha. Ila ndivyo ilivyokuwa.

Nilipomweleza mdogo wangu kwa simu alicheka. "Dada, mama amechanganyikiwa. Leo anataka udhu, kesho atataka kuendesha treni. Usimfuatishe."

Sasa sikilizeni hapa. Wiki chache kabla hajafariki, mama aliamka akili zikiwa zimetulia. Aliniita kwa jina langu, akauliza kama mahindi yamepelekwa mashineni. Mama mdogo alikuwepo. Mama akasema: "Mwanangu, nikifa nivisheni sanda. Msinivike gauni, msinitie sandukuni. Nirudisheni kwa baba yangu Kisanga." Nikajibu, "Sawa mama." Nilijibu hivyo, na sikumwambia mdogo wangu. Niliogopa ugomvi, na niliogopa kanisa litasema nini juu yangu. Nikajidanganya kwamba muda upo.

Alifariki mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Mdogo wangu akaagiza azikwe Mikumi, pembeni ya baba. Jeneza, gauni jeupe, kwaya. Mama mdogo alikuja na mfuko wa plastiki, akaupakata. Ndani mlikuwa na sanda.

"Umewaambia?"

"Bado, mama."

Kabla ya jeneza kufungwa akaninong'oneza, "Sema sasa, mwanangu. Wakishafunika imekwisha." Nikasimama. Mchungaji akadhani nimesimama kusoma wasifu wa marehemu, akanipa kipaza sauti na karatasi. Na mimi nikasoma. "Marehemu Maria alibatizwa, akaolewa, akaitumikia kwaya." Nilisoma mpaka mwisho, nikakaa.

Mama mdogo hakunigombeza. Alinipa ule mfuko tu. "Kaa nao wewe. Mimi nikirudi nao Kisanga nitawaambia nini watu?"

Jumamosi ni arobaini. Mdogo wangu ameandaa ibada Mikumi na anataka niongoze sala. Siku hiyohiyo kwa mama mdogo Kisanga wanamsomea dua dada yao, na ameniambia niende nikaseme kwa mdomo wangu mama alitaka nini. Juu ya hayo fundi anamalizia msalaba wa kaburi, na mdogo wangu kila siku ananiuliza, "Dada, maneno ya msalaba vipi?" Nikimwambia ukweli nitamvunja, alimpenda mama, na alimzika kwa heshima zote alizozijua. Nikinyamaza, nitakuwa nimemnyamazia mama mara ya pili.

Kila alfajiri bado najaza birika na kukaa pembeni ya kitanda kitupu. Nasoma Alhamdu. Siku hizi ninayekwama ni mimi, palepale alipokuwa akikwama yeye, na hakuna wa kunisaidia.

Nishaurini wanangu, na wazee wenzangu mliomo humu. Nimwambie nini mdogo wangu kabla ya Jumamosi, na mama yangu nimwombee kwa jina lipi?